Sweta Limemkaa Vizuri

Nasra mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kusema sisi huku sote hatujambo, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali. Mimi sianzi hivyo. Nimepokea nyingi zilizoanza hivyo, na mbele utaona kwa nini sizitaki tena.

Ni jioni, na jua la London la mwezi wa Juni bado limo dirishani ingawa watu wameshakula chakula cha usiku. Wewe umetoka kwenda kuagana na wenzako Wood Green. Baba yako yuko msikitini. Begi lako limesimama karibu na mlango, na kila nikienda jikoni nalikwepa. Kesho asubuhi unakwenda Australia, mwaka mzima, kwa ile viza yenu vijana ya kutembea na kufanya kazi. Barua hii nitaitia ndani ya begi uikute huko ukishafika. Hivyo ndivyo nilivyopanga.

Habari za nguo, chakula, pesa na watu wa kujihadhari nao sikuandikii. Nimezisema mpaka jana ukaniziba mdomo kwa kiganja chako. Nina jambo moja tu, nalo ni hili. Bibi yako amefariki. Mama yangu. Amefariki Jumanne alfajiri kule Unguja, akazikwa siku ile ile baada ya adhuhuri. Leo ni Ijumaa na wewe hujui. Hujui kwa sababu tumekuficha.

Nimeandika maneno hayo bila ya kufuta hata moja. Usidhani mimi jasiri. Tangu Jumanne sisikii kitu, nimekufa ganzi mwili mzima. Mjomba wako alinipigia simu nikiwa kazini, namlisha uji mzee mmoja pale kwenye nyumba ya wazee. Nikasema inna lillahi, nikatia simu mfukoni, nikaendelea kumlisha. Alipomaliza nikamfuta mdomo, nikaosha bakuli. Nilipopanda basi nikashuka kituo kisicho changu, nikarudi kwa miguu. Basi, ndiyo hivyo. Machozi nayasubiri kama tunavyomsubiri fundi wa boila la maji moto, ameahidi kuja ila hasemi lini.

Aliyetoa amri ni shangazi yako Zuwena, dada wa baba yako, na unamjua shangazi yako akishakaa kwenye kochi lake kule Harrow, upande mwingine wa London, yeye ndiye serikali. "Asiambiwe," akasema. "Ameshazikwa, mtoto atawahi nini? Atavunja safari bure, na viza kama ile haipatikani kila siku. Mwacheni afike, atulie, halafu tutamwambia polepole." Baba yako akatikisa kichwa kukubali. Mjomba wako kwenye simu akakubali. Na mimi, mama mzima, nikakubali.

Siku zote hizi nilipokwambia nimepewa shifti za ziada, nilikuwa Harrow, kwa shangazi yako, tunamsomea Bibi. Juzi niliporudi ukanikumbatia, ukaninusa shingoni, ukasema, "Mum, unanukia harusi!" Mwanangu, harusini tunafukiza udi. Ule ulikuwa ubani wa hitima ya Bibi yako. Nikacheka, nikakwambia ndiyo, kuna mtu anaoa. Wewe ukaniuliza bwana harusi nani, nami nikamtunga hapo hapo, na jina nikampa.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Leo asubuhi ndipo liliponishinda. Ulikuja kukaa kitandani kwangu na kadi yako ya simu, unamtafuta Bibi umuage. Simu ikalia weee, hakuna wa kupokea, maana tumeshamwambia mjomba wako akiona namba ya Uingereza aiache ilie. Ukaniuliza, "Mbona Bibi hapokei?" Mdomo wangu ukajibu upesi, bila ya mimi kuutuma:

"Amekwenda shamba."

Ukasema basi, utampigia kesho ukiwa airport. Ukaenda zako kuoga huku unaimba. Mimi nikabaki pale pale na mto mapajani, kwa sababu maneno yale si yangu. Niliwahi kuambiwa mimi.

Hebu nikueleze. Unajua nilikuja nchi hii kwa viza, lakini hujawahi kuuliza ilikuwa viza gani. Ilikuwa ndugu wa hiyo yako. Vijana wa nchi zilizotawaliwa na Mwingereza walikuwa wakipewa miaka miwili, uje ukae, utembee, ufanye kazi kidogo ya kujikimu, kisha urudi kwenu. Likizo ya kufanya kazi, ndivyo ilivyoitwa. Babu yako aliposikia jina hilo aliniuliza, "Sasa utapumzika au utafanya kazi?" Nikamwambia vyote viwili. Akasema, lo, Wazungu hodari.

Likizo yangu niliifanyia chini ya ardhi, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, shuka zinashuka hazishi. Chumba nilichopanga Tottenham sikutaka hata kukitia pazia. Nilisema miaka miwili mtu hanunui pazia. Mama mmoja wa ghorofa ya chini, wa Jamaika, alikuwa akinisalimia kila siku, nami sikumwuliza jina, maana nilijiona mpita njia. Alihama, na mpaka leo nikimtaja namtaja kwa koti lake. Wewe utaishi vyako, lakini huko uendako, watu waulize majina.

Nyumbani kwetu hakukuwa na simu. Nilikuwa nikipiga kwa jirani, wanakimbia kumwita Mama, naye anakuja anahema. Mwaka wa kwanza Baba pia alikuwa anakuja. Halafu akaacha kuja. "Baba yuko wapi?" Amelala. Jumapili nyingine: yuko msikitini. Nyingine: amekwenda shamba. Nasra, baba yangu alikuwa mtu wa mjini mpaka kwenye mifupa. Shamba alikuwa halipendi, anaogopa nyoka, hata maiti ya jamaa ikizikwa shamba hutafuta udhuru. Nami niliambiwa amekwenda shamba mara tatu, mara nne, wala sikushtuka. Nilifurahi, nikasema mzee siku hizi anatembea.

Alikuwa na kikohozi cha asubuhi, basi nikamnunulia sweta la sufu, la kijani, nikampa mtu anayesafiri. Barua ya Mama ikaja. Naikumbuka kama nimeishika sasa. "Sisi huku sote hatujambo. Sweta limemkaa baba yako vizuri, mikono tu imezidi kidogo." Niliisoma nimekaa juu ya furushi la mataulo, nikajilaumu nimenunua kubwa. Wiki nzima niliudhika na ile mikono.

Kisha ikaja harusi moja Queensbury, humu humu London, na wasichana kama sisi ndio tuliokuwa tukipitisha sinia. Mama mmoja aliyetoka nyumbani juzi juzi alinitazama, akanitambua kwa sura ya Baba, akanishika mkono. "Pole sana mwanangu. Mzee alizikwa na watu wengi mno, Mungu amrehemu." Nikamwambia ahsante. Nikamwekea sambusa mbili kwenye sahani. Nikaendelea na meza iliyofuata, na iliyofuata, nikamaliza ukumbi mzima, nikarudisha sinia jikoni, nikasimama mbele ya sinki mpaka mtu akaniuliza mbona nimefungulia maji. Baba alikuwa na miezi mitano kaburini.

Walinificha kwa ajili ya viza. Walihofu nitarudi mbio, na nikishatoka sitaruhusiwa kuingia tena. Mama ndiye aliyeamua, wengine wakafuata. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimecheka, nimekula, nimenung'unikia baridi, nimecheza ngoma za watu, miezi mitano, na mimi yatima.

Sikuwaambia kwamba nimejua. Hapo sasa ndipo nilipoharibu mimi. Jumapili ile nikapiga simu kama kawaida, nikauliza, "Baba hajambo?" Mama akasema hajambo, anakusalimu. Jumapili nyingine nikauliza tena. Nikaanza kuuliza mambo ya ndani: kikohozi je, anakula nini, sweta analivaa? Nikawa namsikia Mama akihangaika kutafuta jibu, na Mungu anisamehe, nilikuwa naona raha. Nilimtesa hivyo mpaka nikachoka mwenyewe.

Na viza yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Ningepanda ndege nikarudi, nikalia kwenye kaburi la baba yangu, yakaisha. Badala yake ikaja posa ya baba yako, kijana mwenye karatasi za kukaa huku, niliyemwona mara mbili, na nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo ili Mama akae akijua niko mbali. Usishtuke, baba yako ameshaambiwa, alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Yeye ni bahati yangu. Lakini nilimkubali kwa kumkomoa mtu mwingine, na ningeweza kabisa kuangukia jambazi. Hasira ina haraka, haikuachi hata ukamtazama mtu usoni.

Nikamkomoa kweli. Sikukanyaga Unguja mpaka wewe ulipokuwa na miaka sita. Labda unakumbuka safari ile, ulikuwa na vile viatu vinavyowaka taa kisiginoni, unawafukuza kuku wa watu uani. Mimi na Bibi yako tulikuwa ndani, anapanga nguo zake, na chini kabisa kwenye sanduku nikaliona sweta. La kijani, halina hata tundu moja. Nikamwuliza nani alikuwa akilivaa.

"Mimi," akasema.

"Wewe?"

"Lilipofika, arubaini ya baba yako ilikuwa imeshapita. Nikalivaa nione lingemkaaje. Mikono ikanizidi kidogo. Nikakuandikia nilivyoona."

Nikamwuliza kwa nini. Nilikuwa nimelibeba swali lile miaka yote na nilidhani nitalitoa kwa kelele, lakini likatoka dogo. Bibi yako hakunitazama. Alikuwa analikunja sweta, analikunjua, analikunja tena. "Sisi sote humu ndani tulikuwa tumefiwa," akasema. "Nilitaka abaki mmoja ambaye baba yake yu hai. Kila nikikuandikia habari zake, na mimi nilikuwa naye kidogo."

Nililipokea sweta, nikalirudisha sandukuni. Tukala pamoja, tukalala chumba kimoja, tukacheka juu yako na kuku wako. Mambo yakatengenea, kila Jumapili ukawa unazungumza naye, akakufundisha kusoma Kiswahili hiki unachokisoma sasa. Lakini sikumwambia kwa mdomo wangu, "Mama, nimekusamehe." Nilidhani anajua. Pengine alijua. Sasa sina wa kumwuliza, na naliandika hili kavu kavu, sijui lini litaniuma.

Unakumbuka ulipokwenda Wales na skuli, nikampigia mwalimu wako, akasema hajambo, nikamwambia mpe simu nimsikie? Ukarudi umenuna, umeaibika mbele ya wenzako. Na ulipolazwa kuondoa findo, muuguzi akasema amelala vizuri, nikamwambia mwamshe. Ukaniita kichaa. Sasa umejua. Tangu harusi ile ya Queensbury, mtu akiniambia fulani hajambo, mimi nataka sauti.

Nimesimamisha kuandika hapa, nikaenda kwenye begi.

Nilitaka mahali pazuri pa kuificha barua, pasipoonekana kesho, paonekane huko. Nikafungua zipu, na kitu cha kwanza juu ya nguo zote ni lile sweta. Sikujua kama unalichukua. Bibi alipokupa ulikuwa na miaka kumi na tano, nikadhani umelitupa chini ya kitanda pamoja na takataka zako nyingine. Wewe ndiye wa kwanza ambaye mikono imemtosha. Nikaikunja barua, nikaisukuma ndani ya mkono mmoja mpaka ikafika kwenye kiwiko, nikafunga zipu, nikarudi kukaa.

Nikakaa. Nikamfikiria Nasra, yuko mji asioujua, asubuhi ya baridi, anatia mkono wake kwenye sweta na vidole vinagusa karatasi. Anasoma amesimama. Hana hata mtu wa kumwambia pole. Anahesabu nyuma: kumbe airport, kumbe ubani, kumbe ile harusi. Mwanangu, hiyo ni sinia ile ile ya sambusa. Nilikuwa nakupitishia wewe.

Nimeitoa. Naandika tena juu ya karatasi iliyokunjika, ndiyo maana mistari imepinda.

Nikwambie na hili, kwa sababu hakuna mwingine wa kukwambia. Shangazi yako anadhani tunakuficha kwa faida yako. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka jana, ulipokuwa unapaka mkate siagi huku unamwigiza Bibi, alivyocheka mpaka akakohoa aliposikia umepewa viza ya kwenda kuchuma machungwa. "Mwambieni aje huku," alisema, "machungwa yanaoza na hatumtaki viza!" Ulimwigiza hasa, na kile kikohozi. Na kwa dakika ile Bibi alikuwa hai humu jikoni, Nasra. Nilikaa nikakusikiliza na sikutaka unyamaze. Nikaielewa raha aliyokuwa akiipata mama yangu akiandika juu ya sweta. Nikatamani niipate kwa mwaka wako mzima wa huko: kila Jumapili unipigie kutoka huko uniulize, "Bibi hajambo?", nami nikwambie hajambo, amecheka, amekula, amekusalimu.

Lakini mimi ndiye niliyefichwa, najua na upande wa pili. Shangazi yako hajui, wala baba yako. Bibi mwenyewe hakujua.

Naogopa. Ganzi yote hii lakini hofu naisikia. Naogopa utavua viatu, utasema huendi, na safari uliyoifanyia kazi miaka miwili kwenye lile duka la viatu itakwisha hapa sebuleni. Tena naogopa kwamba utakwenda, ukalie kwenye ndege karibu na watu usiowajua. Sijui kipi kibaya zaidi na sitajifanya najua. Ukitaka kwenda, nenda, na sitaki ujione huna moyo. Bibi alishakuombea dua kwa safari hii, na nilimsikia. Ukitaka kubaki, baki, machungwa ya watu yatachumwa na wengine. Utakaloamua litakuwa lako, umeliamua unajua. Mimi sikupewa hilo.

Shangazi yako atanikasirikia. Mwache anikasirikie, Harrow ni mbali.

Barua hii sasa sijui ni ya nini, maana utakapoisoma utakuwa umeshajua. Nitakupa mkononi uisome utakapotaka, humu ndani au angani. Sweta nimelitoa begini, liko mapajani mwangu. Nimelivaa kidogo. Mikono imenizidi.

Mlango wa lifti umefunguka. Hizo ni hatua zako, unaburuta kisigino cha kushoto tangu mdogo. Naweka kalamu chini. Ukiingia utaniuliza kama Bibi amepiga, na kabla hujaweka funguo mezani, kabla sijakupa chakula, nitakwambia kwa mdomo wangu huu huu uliokudanganya asubuhi: Nasra, kaa hapa karibu na mimi. Bibi hakwenda shamba.